Jinsi ya kuingiza intaneti ya kasi kwenye kijiji kidogo bila kusubiri kampuni kubwa

Watu wengi wakishapata wazo la kuleta intaneti kijijini kitu cha kwanza wanaingia kwenye simu kuangalia bei za antena. Acha kwanza. Antena inakuja baadae sana. Kijiji cha kaya 60 au 200 hakikosi neti ya maana kwasababu teknolojia haipo, ipo miaka mingi tu, kinakosa kwasababu hesabu ya kampuni kubwa hailipi pale, kilomita nyingi za kupitisha waya, wateja wachache, alafu kila mteja analipa kidogo. Nyie hesabu yenu ni nyingine. Hamna wenye hisa wa kugawana faida, mnachotaka ni laini iwake na iendelee kuwaka. Na hapo kwenye kuendelea kuwaka ndo penye kazi, mitandao mingi ya vijiji haifi siku ya kuwekwa, inakufa mwaka wa pili au wa tatu betri ikichoka na kwenye akaunti hamna kitu.

Na sio kwamba hii kitu ni ndoto. Kule Catalonia, Hispania, kuna mtandao unaitwa Guifi.net ulianza 2004 eneo la Osona kwasababu makampuni yalikuwa hayataki kufika mashambani, leo una nodi (sehemu zilizounganishwa) zaidi ya 30,000. Kaskazini mwa Uingereza wanakijiji wa Lancashire walianzisha mtandao wa B4RN mwaka 2011, wakachimba mitaro wenyewe na wanatoa kasi ya gigabiti moja kwa sekunde, kushusha (kupakua) na kupandisha (kupakia), kwenye nyumba za shambani. Afrika Kusini kuna Zenzeleni, ushirika wa wanakijiji wa Mankosi, Eastern Cape, wao walianza na redio (vifaa vya kurusha intaneti hewani, sio redio ya kusikiliza) na sola wakishirikiana na Chuo Kikuu cha Western Cape. Ni njia tatu tofauti kabisa, ila wote mtandao uko mikononi mwa wanaoutumia.

Twende hatua kwa hatua. Zingine nitapita fasta, zingine nitakaa maana ndo watu wanapopotelea.

Hatua ya 1: Jua mnahitaji kiasi gani

Chukua ramani ya setelaiti ya bure, weka alama kila nyumba, shule, zahanati, duka, alafu weka alama sehemu za juu: kilima, tenki la maji, jengo refu, mti wowote mkubwa unaoziba. Pita nyumba kwa nyumba uulize mambo mawili tu, sasa hivi unatumia hela kiasi gani kwa mwezi kwenye bando, na ungekuwa tayari kulipa kiasi gani. Swali la kwanza lina ukweli kuliko la pili. Mtu akisema atalipa kikubwa wakati saivi anatumia kidogo sana, we andika ile ndogo.

Alafu hesabu ya mzigo, yani intaneti yote inayoingia kijijini kwa pamoja. Watu wanachanganya kasi ya kifurushi na mzigo wa kijiji kizima. Ukimuuzia mtu kifurushi cha Mbps 50 (megabiti kwa sekunde, kipimo cha kasi) haimaanishi unahitaji Mbps 50 mara nyumba zote, maana hawavuti wote kwa mpigo. Wanaopanga mitandao midogo wengi wanachukua wastani wa Mbps 2 mpaka 3 kwa kaya kwenye saa za kilele, yani usiku watu wakiwa wamekaa wanaangalia video. Kaya 100 basi ni kama Mbps 200 mpaka 300 za kuingia kijijini. Video moja ya HD inakula kama Mbps 5, ya 4K inaweza kufika 15 au 25, kwa hiyo kama kijiji chenu wengi wanatumia simu tu na sio televisheni kubwa mnaweza kuanza chini ya hapo, ila acheni nafasi ya kuongeza maana matumizi hayajawahi kurudi nyuma.

Kama unataka kipimo cha "kasi" ni nini, Marekani mwaka 2015 waliweka Mbps 25 za kushusha na 3 za kupandisha, 2024 wakapandisha mpaka 100 na 20. Hiyo ni lengo zuri la kuandika kwenye mpango, lakini kijiji ambacho hakikuwa na kitu kikipata Mbps 20 zisizokatika maisha yanabadilika, usisubiri 100 ndo uanze.

Hatua ya 2: Tafuta mzigo unakotoka

Hii ndo hatua ya kwanza kweli kweli, nimeiweka ya pili tu kwasababu lazima ujue kiasi kabla ya kwenda kuomba bei. Kusambaza intaneti ndani ya kijiji ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Shida ni kuifikisha kijijini. Kama hujapata pa kuchukulia, kila kitu kingine ni mapambo.

Anza kutafuta faiba iliyo karibu, yani waya wa kioo unaobeba data kwa mwanga. Mara nyingi ipo na hakuna anayeisema. Inapita kando ya barabara kuu, reli, bomba la mafuta, inaning'inia kwenye nguzo kubwa za umeme, imeingia kwenye mnara wa simu, hospitali, chuo, ofisi ya serikali. Kujua inapita haitoshi, uliza ni wapi inatoka juu, maana faiba ya masafa marefu huwezi kuikata katikati ukajichomeka, unahitaji sehemu yenye vifaa vya kuipokea. Sehemu hiyo ikiwa kilomita 5, 10, hata 40 kutoka kwenu bado mna bahati, hapo katikati mnaruka na redio.

Kama hakuna kabisa, kuna setelaiti. Zile za zamani zinakaa kilomita 35,786 juu ya ikweta, ishara kwenda na kurudi inachukua zaidi ya nusu sekunde, kuangalia video sawa ila kupiga simu ya video ni mateso. Hizi mpya za chini kama Starlink zinazunguka kama kilomita 550 juu, kwa hiyo huo muda wa kwenda na kurudi (ping) unashuka mpaka milisekunde 25 hadi 60 hivi, inafanana na faiba ya kawaida kwa mtumiaji. Shida yake ni kwamba sahani moja haibebi kijiji, na mikataba mingi ya vifurushi vya nyumbani inakataza kuuza tena. Soma mkataba. Uliza kifurushi cha biashara au cha jamii, hata kama ni ghali zaidi, kuliko kujenga mtandao wa watu 80 juu ya akaunti inayoweza kufungwa kesho asubuhi.

Ukikutana na muuzaji wa mzigo maswali ni haya, na majibu yake yawe kwenye maandishi: hizo Mbps 200 ni zenu peke yenu au mnagawana na wengine? Kupandisha ni sawa na kushusha? Mnaruhusiwa kuuza tena? Ikikatika wana masaa mangapi ya kurekebisha na wasiporekebisha mnarudishiwa nini? Mnapata anwani ngapi za IP za umma (namba zinazotambulisha vifaa kwenye intaneti), na IPv6, mfumo mpya wa namba hizo, ipo? Bei ya kuongeza uwezo baadae ni ipi? Hili la mwisho watu hawaulizi, alafu mwaka wa pili wanakuta kupanda kutoka 200 kwenda 500 bei imeruka kuliko walivyotegemea.

Kama mnaweza pata njia mbili, hata ya pili ikiwa ndogo, ya 4G tu kwa ajili ya zahanati na malipo kwa simu, chukueni.

Hatua ya 3: Vibali

Fupi lakini usiruke. Kuna vibali vya aina tatu, leseni ya kutoa huduma, ruhusa ya masafa, na ruhusa ya ardhi na nguzo. Kila nchi ina mdhibiti wake wa mawasiliano, nenda ofisini kwao au andika barua uulize kama kuna leseni ya mitandao ya jamii au msamaha kwa wadogo, nchi kadhaa zinao. Zenzeleni kwa mfano walipata msamaha wa leseni kutoka kwa mdhibiti wa Afrika Kusini, na ndo uliofanya hesabu yao iwezekane. Masafa ya 2.4 na 5 GHz sehemu nyingi hayahitaji leseni ila yana kikomo cha nguvu, na baadhi ya chaneli za 5 GHz lazima redio ziwe zinapisha rada, kwa hiyo usiweke nchi nyingine kwenye seting ili upate nguvu zaidi. Mafundi wanaifanya sana hiyo. Siku mkifuatiliwa leseni yenyewe itakuwa hatarini.

Ardhi sasa. Kampuni kubwa inalipia kila mita inayopita shambani kwa mtu. Nyie mkikaa na wenye mashamba wakakubali bure kwasababu na wao wanaunganishwa, sehemu kubwa ya gharama ya faiba imeondoka hapo hapo. B4RN walifanya hivyo. Ila muandikishane, karatasi moja inayosema waya unapita wapi, nani anaruhusiwa kuingia kurekebisha, na nini kinatokea shamba likiuzwa au mwenyewe akifariki.

Hatua ya 4: Redio au faiba?

Nyumba zikiwa zimekaa pamoja na udongo unachimbika, faiba. Zikiwa zimetawanyika kwenye vilima, redio. Mara nyingi ni mchanganyiko: redio kuleta mzigo kutoka mbali, faiba au redio ndogo kugawa ndani. Faiba gharama yake ni kuchimba, waya wenyewe sio ghali hivyo, na ukishafukia vizuri unakaa miongo mingi, unabadilisha tu vifaa vya mwisho. Redio unaiwasha ndani ya wiki lakini utaibadilisha baada ya miaka mitano hivi, na kila mti unaokua ni adui yako.

Kama kuna nguzo za umeme zinazofika kila nyumba, nenda kaongee na wenye nguzo kabla ya kushika jembe. Marekani vyama vya ushirika vya umeme, vile vilivyozaliwa baada ya sheria ya umeme vijijini ya 1936, saivi vingi vinavuta faiba juu ya nguzo zao zile zile. Kuna faiba isiyo na chuma ndani kabisa inayotengenezwa kwa kuning'inia hivyo.

Hatua ya 5: Kama ni redio

Redio ya masafa haya inataka antena zionane. Na kuonana kwa macho peke yake hakutoshi. Ishara haipiti kama uzi, inapita ikiwa imevimba katikati kama yai refu, hilo eneo linaitwa eneo la Fresnel, na angalau asilimia 60 yake isizibwe. Kwa njia ya kilomita 10 kwenye 5.8 GHz, nusu kipenyo cha hilo yai katikati ni kama mita 11, kwa hiyo unahitaji kama mita 7 tupu chini ya mstari wa kuonana, ongeza mita moja na nusu ya mviringo wa dunia, ongeza urefu wa miti na kimo itakachofika miaka mitano ijayo. Ndo maana mtu anasimama juu ya paa anaiona kabisa taa ya upande wa pili na bado laini inakatika katika. Programu za bure za kuchora njia ya redio kwenye ramani zipo, zitakuonyesha vilima, ila miti na majengo hazionyeshi vizuri, lazima mtu aende kwa mguu.

Hesabu ya nguvu ni ya kujumlisha na kutoa tu. Kilomita 10 kwenye 5.8 GHz hewa inakula kama dB 128 (dB ni kipimo cha ishara kuongezeka au kupungua). Redio ikitoa nguvu ya dBm 20, na antena moja ya dBi 23 (kiasi inachoongeza ishara) kila upande, unapata 20 + 23 + 23 − 128, yani kama −62 dBm. Hiyo ni nzuri, namba ikikaribia sifuri ishara ina nguvu zaidi. Ukija kupima ukakuta −65 ni sawa, ukikuta −80 kuna kitu hakijakaa. (Angalia lakini kama redio na antena kwa pamoja hamzidi kikomo cha nchi yenu.)

Kulenga antena ndo kazi watu wanaiharakisha na ndo inayoamua kila kitu. Mtu mmoja kila upande, amejifunga mkanda wa usalama, spana mkononi, simu kwenye spika mfukoni, na mtu wa tatu chini na laptop anasoma namba kwa sauti. Kaza bolti nusu, antena izunguke kwa kulazimishwa kidogo. Upande mmoja unakaa kimya kabisa, mwingine anazungusha polepole sana kushoto kwenda kulia, kidogo alafu anasubiri sekunde mbili tatu maana namba inachelewa kuja, ukizungusha mfululizo utapita kilele bila kukiona. Mwale wa antena ya dBi 23 upana wake ni kama digrii kumi hivi, na pembeni yake kuna miale midogo ya uongo. Fundi akikamata mwale wa pembeni atashangilia, ishara imekuja, kila akizungusha kidogo inapungua, anakaza bolti anashuka. Kumbe anakosa dB 15 au 20. Kwa hiyo zungusha upande wote mpaka upite vilele vyote, andika namba ya kila kimoja, rudi kwenye kile kikubwa, alafu fanya juu na chini, alafu upande wa pili nao wafanye. Mkimaliza kazeni bolti kwa zamu, moja kidogo kisha nyingine, kwasababu ukikaza moja mpaka mwisho inavuta antena na lengo linahama. Soma namba tena baada ya kukaza, kabla mtu hajashuka.

Waya unaopanda kwenye redio uwe wa nje wenye kinga ya bati, usizidi mita 100, na kabla haujaingia kwenye kifaa uache ushuke kidogo chini alafu upande, maji yatiririke pale chini yasiingie kwenye soketi. Kitu kidogo hicho kinaokoa redio nyingi kuliko dawa yoyote. Radi: waya mnene wa shaba kutoka mnarani mpaka kwenye fimbo ardhini, kinga ya radi juu na chini ya kila waya wa mtandao, na vyote viunganishwe kwenye fimbo moja au fimbo zilizounganishwa pamoja. Ukiweka fimbo mbili zisizojuana radi inatafuta njia ya kupita kati yao, na njia hiyo ni rauta yako.

Hatua ya 6: Kama ni faiba

Mfumo wa kawaida wa kugawa faiba moja kwa nyumba nyingi unaitwa GPON. Kifaa kimoja kikuu, faiba moja inatoka, inagawanywa na kigawanyio kisichohitaji umeme kwenda nyumba 32 au 64, mpaka kilomita 20 hivi. Mnagawana Gbps 2.5 (Mbps 2,500) za kushuka na 1.25 za kupanda, kwa nyumba 32 ni zaidi ya kutosha, mzigo wenu wa kuingia ndo utaisha kwanza.

Hapa pia ni kutoa na kujumlisha. Vifaa vya kawaida vya daraja B+ vinavumilia upotevu wa dB 28. Kigawanyio cha 32 kinakula kama 17, kilomita 10 za faiba zinakula 3.5, viunganishi na maungio tuseme 1.5 au 2. Jumla 22 na ushee, mnabaki na dB 5 za siku waya ukikatwa na jembe ukaunganishwa upya.

Chimba ukiwa unaweka bomba, sio waya mtupu. Bomba likiwepo, waya ukiharibika unavuta mwingine bila kuchimba. Weka na bomba la pili tupu, gharama yake ni ndogo ukilinganisha na mtaro ulioshachimbwa. Juu yake, kabla hujafukia yote, tandaza utepe wa rangi kali wenye maandishi ya onyo ili anayechimba choo miaka kumi mbele akutane nao kwanza. Kwenye shamba linalolimwa na trekta nendeni chini kuliko jembe linapofika. Na kila mita chache piga picha mtaro ukiwa wazi na GPS ikiwa imewashwa, wekeni picha zote sehemu moja, hiyo ndo ramani yenu, ile iliyochorwa ofisini haitafanana na kilichochimbwa.

Mashine ya kuchomelea faiba ni ghali, kodi au leta fundi wake kwa siku chache mkiwa mmeshapitisha waya wote, alafu vijana wenu wawili wakae naye wajifunze. Ungio zuri linapoteza chini ya dB 0.1. Vipande vya kioo vinavyokatwa ni vyembamba huvioni, vinaingia kwenye kidole au kwenye chakula, viokote vyote kwa gundi ya utepe uvitie kwenye chupa yenye kifuniko, na hakuna kula mezani pale. Usichungulie ncha ya faiba kuangalia kama inawaka. Mwanga wake hauonekani kwa macho na unaweza kuumiza.

Hatua ya 7: Umeme

Mnarani kama hakuna umeme wa uhakika, piga hesabu ya sola kwa ukali. Tuseme redio mbili, antena ya kugawa na swichi vinakula wati 30. Mara masaa 24 ni 720 Wh (wati-saa) kwa siku. Sehemu yenye wastani wa saa 5 za jua kamili, na ukitoa upotevu kama asilimia 30, paneli inatakiwa iwe kama wati 206, nunua 300 kwasababu vumbi na mawingu vipo. Betri za siku mbili bila jua ni 1,440 Wh, kwa betri ya lithiamu ya LiFePO4 ukitumia asilimia 80 unahitaji kama 1,800 Wh, yani Ah (ampea-saa) 150 kwa volti 12. Ukichukua za asidi usizishushe chini ya nusu, kwa hiyo Ah 240, na zitachoka mapema zaidi. Piga hesabu kwa mwezi wenye jua dogo kuliko yote, usichukue wastani wa mwaka. Na paneli ifungwe kwa bolti ambazo spana ya kawaida haifungui, unajua kwanini.

Hatua ya 8: Ndani ya rauta

Malalamiko mengi ya "neti iko slo" hayatokani na uwezo kuisha, ni foleni. Mtu mmoja anapandisha video kubwa, data inajazana kwenye rauta, simu ya mwingine inasubiri nyuma yake sekunde nzima. Dawa yake ni programu ya kupanga foleni, CAKE au fq_codel, ipo bure ndani ya OpenWrt (programu huria ya kuendesha rauta) na kwenye rauta nyingi za kampuni ya MikroTik zenye toleo la 7 la programu yake. Iweke kwenye rauta kuu, ipe kikomo cha asilimia 90 mpaka 95 ya uwezo halisi wa laini, foleni ihamie kwako uipange wewe. Kijiji chenye Mbps 100 na foleni iliyopangwa kinaonekana kina kasi kuliko chenye 200 bila mpangilio, na haikugharimu hata shilingi.

Mengine: kila mteja atenganishwe asione kompyuta ya jirani, nywila za redio zibadilishwe zote siku ya kwanza, weka IPv6 kama mtoa mzigo anayo, na kompyuta moja ndogo iendeshe programu ya kuangalia mtandao, LibreNMS au Zabbix, ili mjue mnara umezima kabla simu hazijaanza kuita.

Hatua ya 9: Bei na mfuko

Chukua gharama za kila mwezi: mzigo, umeme, kodi ya mnara, posho ya fundi, leseni ikigawanywa kwa 12. Ongeza bei ya vifaa vyote ikigawanywa kwa miezi vitakayoishi, redio 60, betri kutegemea aina, rauta 60. Hiyo sehemu ya pili ndo watu wanaiacha. Wafadhili wamenunua vifaa, kwa hiyo bei ya mwezi inapangwa kana kwamba vifaa ni vya milele, kila mtu anafurahi ni rahisi, alafu vyote vinachakaa kwa pamoja mwaka ule ule. Hela ya kubadilisha vifaa ikae akaunti tofauti inayohitaji saini tatu.

Gawanya jumla kwa asilimia 70 ya kaya mnazotegemea, sio 100, kwasababu wengine hawatalipa kila mwezi. Ikitoka namba kubwa kuliko ile watu waliyokuwa wanatumia kwenye bando, rudi nyuma upunguze mzigo au tafuta mteja mkubwa, shule, zahanati, mnunuzi wa mazao, alipie zaidi. Na uuze kwa siku na kwa wiki pia. Kuna watu hela yao haiji kwa mwezi.

Umiliki uandikishwe, ushirika ni mzuri, kila kaya kura moja. Vifaa vikiwa kwa jina la mtu mmoja, hata awe mwema vipi, siku akigombana na watu au akihama mtandao unaondoka naye.

Hatua ya 10: Nani atapanda mnara

Wawili, sio mmoja, na wakae hapo hapo kijijini. Mmoja akienda msibani mwingine yupo. Walipwe, hata kidogo, kujitolea kunaisha. Nywila zote ziandikwe kwenye karatasi ndani ya bahasha iliyofungwa kwa mhasibu. Kuwe na sanduku la vipuri: redio moja ya kila aina ikiwa imeshasetiwa, chaja zake mbili, viunganishi, mita 50 za waya, fyuzi. Redio iliyosetiwa tayari inamaanisha mtu yeyote anayejua kupanda anaweza kuibadilisha jioni ile ile bila kusubiri anayejua kompyuta.

Na kampuni kubwa ikija

Ikishaona watu wanalipa, mara nyingi inakuja, na bei ya miezi sita ya kwanza itakuwa chini kuliko yenu. Jiandaeni mapema. Mikataba ya ardhi na nguzo iwe kwa jina la ushirika na isiweze kuhamishwa bila mkutano, mabomba matupu mliyofukia muweze kuwakodisha badala ya wao kuchimba upya, na mnara wenu uwe na nafasi ya antena yao kwa kodi ya kila mwezi. Waulizeni kama watawauzia mzigo kwa jumla, maana sasa wamefika mlangoni na bei yake inatakiwa kuwa ndogo kuliko ile mnayolipa kuuvuta kutoka kilomita 40. Kwenye kikao msiende na fundi peke yake, nendeni na mhasibu na daftari la wateja wanaolipa, ila majina myafunike.